Ndizi za Ramadhani na Kodi ya Bi Mwajuma

Wenzangu vijana wa pale ofisini mmeniomba niandike namna nilivyofanya kazi miaka yote hii, nami nikakubali kabla sijafikiri, tabia ambayo imenitia mashakani umri wangu wote. Huu ni mwezi wa pili tangu nistaafu. Asubuhi naamka, navaa buibui, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka kuwa sina pa kwenda. Basi nimekaa kitako naandika. Mshahara sitauzungumza; ulikuwa mdogo, nasi tulizoeana. Vyeo navyo niviache, maana ofisi ilikuwa na watu wanne tu, na ukipanda cheo unamtawala nani, paka?

Nilianza nikiwa binti, sijui hili wala lile, katika ofisi ya Bwana Vasant pale Hurumzi. Nyinyi mliokuja nyuma hamkumuwahi. Alikuwa Mhindi wa hapahapa mjini, mzaliwa na mkaazi, na Kiswahili chake kilinishinda mimi. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia watu nyumba zao: wenye nyumba wengine wako Maskati, wengine London, wengine wako Mbweni tu lakini hawataki kuonana na wapangaji wao. Yeye akitafuta mpangaji, anaandika mkataba, na mkataba ukimalizika anawaweka pamoja wenyewe, waelewane kodi inapanda au haipandi, na ikipanda ipande kwa kipimo gani. Hapo kwenye kipimo ndipo watu wanapogombana, na hapo ndipo nilipokula mkate wangu.

Siku ya kwanza nilifika na kalamu mbili mpya. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bwana Vasant." Akaitikia "Marahaba," kisha akanikabidhi kapu la ukili.

"Nenda Darajani," akasema. "Niulizie bei ya mchele, sukari, nazi, ndizi mbichi na samaki. Usinunue kitu."

"Sasa kapu la nini, kama sinunui?"

"Bila ya kapu hawatokwambia bei ya kweli."

Kuuliza bei Darajani bila ya kununua ni kazi ya kutaka moyo. Muuza nazi wa kwanza alinijibu vizuri. Wa pili alinitazama kapu. Wa tatu akapaza sauti sokoni kote: "Jamani, mpisheni Bi Kapu Tupu, anatembeza ukili wake upigwe na upepo!" Wakacheka mpaka wauza samaki. Jina hilo lilinifuata miaka, na wako watu sokoni mpaka leo hawajui kama naitwa Mwanakhamis.

Nikarudi nimefura. Bwana Vasant akaniandikisha zile bei, kisha akanieleza. Mwenye nyumba anataka kodi ifuate dola, kwa sababu dola haizeeki. Mpangaji anapata shilingi, tena kwa jasho. Ukimfunga mpangaji na dola, siku dola ikiruka naye anaruka, anatoka nje. Kwa hiyo yeye Bwana Vasant huwaomba wote wawili wakubali kipimo cha sokoni: vitu vitano anavyokula kila mtu, tajiri na maskini. Vikipanda mwaka huu kuliko mwaka jana, na kodi ipande kwa kadiri ile ile, si zaidi. "Dola hailiwi, Mwana," aliniambia. "Ndizi inaliwa. Kodi ifuate kinacholiwa."

Vifaa vyetu vilikuwa hivyo: kapu, madaftari ya bei za soko, funguo tele zenye vibao vya mbao, na taipu moja nzito ambayo herufi yake ya k ilikuwa inakwama. Jaribuni kuandika mkataba wa kukodi nyumba kwa Kiswahili bila ya k, kisha mniambie kazi yenu ngumu. Nilikuwa naichokoa kwa pini ya ushungi kila baada ya mistari miwili. Siku hizi mna kompyuta, na mikataba mnapelekeana kwa simu. Nasikia bado mnakosea, alhamdulillahi, sijaachwa nyuma peke yangu.

Mambo aliyonifunza hayakuwa mengi. Kodi haiguswi ndani ya muda wa mkataba, hata mwenye nyumba alie machozi ya damu. Mpangaji aambiwe mapema, mwezi mzima kabla, si siku ya kulipa. Na namna ya kupandisha iandikwe mwanzo, wakati watu bado wanapendana. Siku moja alitujia bwana mmoja anataka kupandisha kodi katikati ya muda kwa sababu mpangaji wake kanunua friji. "Mtu mwenye friji ana pesa," akasema, na alisema kwa dhati. Bwana Vasant akamjibu kwa upole, "Vyema. Tuandike kodi ifuate friji. Friji likiharibika, kodi ishuke." Yule bwana akaondoka bila ya kuaga. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikaniuma, wala sikujifunza kitu, kama mtakavyoona.

Kulikuwa na mambo ya kuchekesha na mambo ya kuliza, na mengi yalikuwa yote mawili kwa pamoja. Nimepatanisha ndugu wawili waliorithi nyumba moja, kila mmoja na mpangaji wake, kila mmoja na kodi yake, na ngazi ni moja. Nimekwenda mpaka Mkokotoni kumtafuta mwenye nyumba aliyesema hana simu, nikamkuta anazungumza na simu. Lakini nilipofika mwaka wa kumi na ngapi sijui, nikajiona nshakuwa bingwa. Mikataba naijua kwa moyo. Hapo, wenzangu, ndipo mtu anapoanguka.

Wakati huo nyumba za Mji Mkongwe zilianza kupendwa na wageni. Kila mwenye chumba na dirisha anaota watalii. Wenye nyumba wakawa hawataki tena mkataba wa mwaka. Wanataka miezi sita, ili mgeni wa pesa nyingi akitokea, mpangaji asiwe kizuizi. Bwana Vasant hakuupenda mtindo huo. Lakini mwaka huo alikwenda India kumuoza mpwawe, akaniachia ofisi. "Ukitatizika, ningoje," akaniambia. Mimi sikutatizika. Ningelitatizika ingekuwa salama.

Akaja Bwana Nassor, mwenye nyumba moja ya Mkunazini, yeye mwenyewe anakaa Mbweni. Akamleta na mpangaji, Bi Mwajuma, fundi cherehani. Wazee wake asili yao bara, yeye kazaliwa mtaa wa Amani, nje ya Mji Mkongwe, na hapo mjini alikuwa na wateja waliomfuata kwa mkono wake. Alitaka chumba na ukumbi wa chini: akae na mama yake, mtu mzima wa mkongojo asiyeweza ngazi, na ashone. Ukumbi ule ulikuwa na dirisha kubwa la njiani, mwanga tele. Alisimama katikati yake akazunguka polepole, uso wote unacheka.

Nikawaandikia mkataba wa miezi sita. Niliuandikaje? Nilichukua mkataba wetu wa mwaka, ule ule wa siku zote, na kila palipoandikwa "mwaka" nikatia "miezi sita". Basi. Nikaona kazi nzuri, safi, haina mkwaruzo. Kifungu cha kodi kikawa kinasema: kila baada ya miezi sita, kodi itaongezeka kwa kadiri ile ile ambayo bei ya vitu vitano imeongezeka sokoni tangu mkataba kuandikwa. Nikawasomea kwa sauti, najisikia kama kadhi. Bwana Nassor akatia saini. Bi Mwajuma akautwaa, akautazama kidogo, naye akatia saini. Tukala halua.

Sasa nyinyi mlio makini mshaliona. Mimi sikuliona. Ilikuwa Mfunguo Sita, mwezi wa sita tangu Ramadhani kuisha, wiki moja baada ya Maulidi, soko limetulia na ndizi bei ya kutupa. Muda unaanza mwezi ukiandama; hesabuni wenyewe: Mfunguo Saba, Nane, Tisa, Rajabu, Shaabani. Mwezi wa sita wa mkataba ni Ramadhani. Na nani katika kisiwa hiki hajui ndizi, nazi na sukari zinavyokuwa Ramadhani, kila nyumba inapotaka futari? Mkataba wa mwaka hupima msimu kwa msimu wake, haudhuriki. Huu wangu ulipima msimu wa raha kwa msimu wa shida. Tena kifungu changu kilijua kuongezeka tu, kupungua hakikujui. Ramadhani ikiisha bei zitashuka, kodi ya Bi Mwajuma itabaki hukohuko juu.

Bwana Vasant alikuwa kesharudi wakati huo. Siku ya kwanza ya Ramadhani nikachukua kapu langu, nikaenda Darajani kupima. Niliposikia bei ya mkungu wa ndizi nikauliza mara mbili. Nikarudi, nikapiga hesabu, nikaipiga tena. Kodi ilikuwa inapanda namna ambayo haijapata kupanda mikononi mwangu. Hata hivyo niliandika ilani nikaipeleka, maana hesabu ni sahihi, na mkataba ni mkataba. Nilijidanganya hivyo siku mbili nzima.

Siku ya tatu Bi Mwajuma akaja ofisini. Hakugomba, hakulia. Alikaa kwenye kiti, akafungua pindo la khanga akatoa ufunguo wa akiba, akauweka juu ya meza yangu.

"Nimekuja kuaga, Bi Mwana. Muda ukimalizika mwisho wa mwezi tutarudi Amani kwa kaka yangu. Ana chumba cha uani."

"Na cherehani?"

"Uani hapana mwanga. Nitaona."

"Na nguo za Idi? Watu si washakuletea vitambaa?"

"Nshawapokelea wengi," akasema. "Nitashona mchana na usiku nimalize kabla hatujahama. Wasije wakasema fundi kawatia aibu siku ya Idi." Kisha akaniuliza hali ya mama yangu, akaniombea funga njema, akaondoka.

Nilibaki nautazama ule ufunguo. Mwanamke yule alikuwa anapoteza nyumba, mwanga wake, na wateja wa mjini, na anayempotezea ni mimi kwa mkono wangu. Si Bwana Nassor, si soko. Mimi, bingwa.

Nikaingia kwa Bwana Vasant. Ramadhani alikuwa na desturi ya kufunga mlango wake akinywa chai, asitutamanishe sisi tuliofunga, na sote tulijifanya hatuisikii harufu ya iliki. Nikabisha hodi, nikangoja kikombe kifichwe, nikaingia, nikamwambia yote. Akausoma mkataba mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mpanda ngazi hushuka, Mwana," akasema. "Wewe umempandisha mwanamke wa watu, kisha umeiondoa ngazi."

"Naomba uzungumze na Bwana Nassor."

"Mimi? Mimi nilikuwa harusini." Akarudisha miwani. "Nenda mwenyewe. Na ukifika usianze kwa sheria. Sheria ni yake, umempa wewe."

Nilimuona mkatili. Leo namuombea dua.

Bwana Nassor nilipompigia simu akaniambia, "Njoo leo ufuturu kwetu," kwa sababu ni mtu muungwana. Ubishi wake ni katika karatasi tu. Nikaenda Mbweni. Adhana ikaita, tukafungua kwa tende, tukasali, ikaja futari. Nikaona nisingoje kaimati za shira za mwisho wa futari. Nikamwambia kwamba kifungu nilikiandika vibaya, na nikaeleza vipi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Bi Mwana," akasema, "maandishi ni maandishi. Mkono ni wako, saini ni zetu. Mimi ningekuja kukwambia nimekosea, ungenirudishia changu?"

Kweli, nisingemrudishia. Wakati huohuo mkewe, Bi Shufaa, akaleta bakuli la ndizi za nazi, akaliweka kati kwa kishindo.

"Kuleni kwa adabu hizo," akasema. "Leo Darajani nimeuziwa ndizi utadhani nimeuziwa bangili za dhahabu. Mwaka mzima mtu hawajali, ukiandama mwezi tu wanapanda wazimu."

Nikamuuliza, pole pole, "Na baada ya Idi, Bi Shufaa?"

"Baada ya Idi zinashuka! Kwani we mgeni hapa? Siku ya nne utaziona zimelala chini, mbuzi wanazikataa."

Bwana Nassor akaacha kutafuna. Mkewe akamtazama yeye, akanitazama mimi. Yule mama hakuwa mjinga. "Kuna nini?" akauliza. Nikamwambia. Sikuongeza chumvi, haikuhitajika.

"Yaani," akasema Bi Shufaa taratibu, "yule fundi aliyenishonea gauni la harusi ya mwanetu Zuwena alipe bei ya ndizi za Ramadhani mpaka Mfunguo Sita? Nassor. Na wewe umefunga?"

Mume akajaribu kukunja uso. Hakuweza. Kicheko kikamtoka na ndizi mdomoni, akapaliwa, ikabidi mkewe ampige mgongoni, na nadhani alimpiga zaidi ya ilivyohitajika. Aliposhusha pumzi akasema, "Haya. Andika upya. Ramadhani ipimwe kwa Ramadhani ya mwaka jana, Mfunguo Sita kwa Mfunguo Sita. Ikipanda ipande, ikishuka ishuke. Lakini ikipanda kwa haki, msije kunililia hapa."

"Hatuji," nikasema.

"Wewe na yule fundi mtakuja kula kaimati tu," akasema Bi Shufaa.

Asubuhi yake niliandika mkataba mpya. Bei za Ramadhani iliyopita zilikuwamo katika madaftari yetu, na nilipozilinganisha na za mwaka huo, nyongeza ikawa ndogo, ya kubebeka. Kama ile k isingekwama ningemaliza kabla ya saa mbili. Sikungoja hata Bwana Vasant afike. Nilichukua karatasi na ufunguo, nikaenda Mkunazini karibu nakimbia, na mtu mwenye umri wangu hakimbii Mkunazini bila ya kuulizwa na kila baraza.

Nikamkuta Bi Mwajuma chini kwenye mkeka, vitambaa vya Idi vimemzunguka, pini mdomoni. Mama yake amekaa pembeni anapanga vifungo kwa rangi. Baadhi ya vyombo vya jikoni vilikuwa vishafungwa kwenye mashuka. Nikauweka ufunguo juu ya cherehani.

"Hamuhami," nikasema. "Bwana Nassor kakubali. Kosa lilikuwa langu, Bi Mwajuma. Nimekuja kukuomba radhi."

Mama yake akasema "Alhamdulillahi," kwa sauti kubwa, akamwaga vifungo vyote. Bi Mwajuma akatoa pini moja moja mdomoni akazichoma kwenye mkono wa gauni. Macho yalikuwa yamemjaa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ile ofisini. Nilipousoma niliona kuwa unapanda tu, haushuki. Na Ramadhani nikaihesabu."

Nilidhani sijamsikia vizuri. "Na ukatia saini? Kwa nini hukunambia?"

Akainamisha uso, akacheka kwa haya. "Ulikuwa unasoma kwa furaha, Bi Mwana. Sauti inapanda, mkono unapunga. Na mwenye nyumba amekaa. Nikasema, nimkosoe mtu mzima mbele ya watu? Halafu tena ukatoa halua."

Wenzangu, nimeandika mikataba mingi, na hakuna siku niliyojiona mdogo kama siku ile. Mtu alikuwa tayari kupoteza nyumba kuliko kunivunjia heshima, na mimi kila siku nilikuwa naziona saini za haraka naziita kuridhika. Nililia palepale mlangoni, kilio cha mtu mzima. Yule mama mkongwe akanipa kitambaa nijifute, kumbe ni kanzu ya mtu ya Idi, haijatiwa mikono.

Nilipopata sauti nikamnyooshea karatasi mpya. "Usome huu," nikasema. "Na ukiona kosa, wallahi, sema. Usinionee haya. Leo sina halua."

Akausoma. Alisoma polepole, kidole kinafuata mstari. Akafika kwenye kifungu cha kodi, akakirudia. Nikamuona anameza mate, na si kwa ajili ya funga.

"Bi Mwana," akasema.

"Naam."

"Kupima unapima mwaka kwa mwaka. Lakini kupandisha umeandika kila miezi sita." Akanitazama kuona kama nimeumia, kisha akaendelea, sauti yake ikipata nguvu. "Nyongeza ya mwaka mmoja nitailipa mara mbili. Ni sawa na mimi nishone gauni moja, nikutoze ukileta kitambaa, nikutoze tena gauni lile lile ukija kulichukua."

Nikaitwaa karatasi nikaitazama. Lo! Kweli tupu. Nilikuwa nimeziba tundu moja nikatoboa la pili, na Bwana Nassor na mimi tulipokubaliana juu ya bakuli la ndizi hatukuliona hata mmoja wetu. Sijapata kufurahi kuambiwa nimekosea kama nilivyofurahi asubuhi ile. Kalamu nilikuwa nimeisahau mezani. Bi Mwajuma akaokota chaki yake ya kukatia nguo, ya buluu, akaniuliza kwa macho, nikamwambia "Piga." Akapiga mstari juu ya "kila miezi sita", na pembeni akaandika kwa herufi nzuri kuliko zangu: mara moja kwa mwaka.

Nikavua viatu, nikakaa mkekani karibu yake, nikasogeza vitambaa kupata nafasi.

"Haya," nikasema. "Kuna jingine?"

"Lipo," akasema Bi Mwajuma, akafunua ukurasa wa pili.